Cindy Sherman: Mhusika Anayejengwa na Kamera

Msichana amevaa kofia na suti nadhifu. Nyuma yake yamepanda maghorofa ya New York, na macho yake yametupwa pembeni, kana kwamba kuna mtu amemwita. Anayeiona picha hii kwa mara ya kwanza huweza kuapa kwamba sinema yenyewe alishaitazama.

Sinema hiyo haipo. Msichana ni Cindy Sherman, mpigapicha Mmarekani, na picha ni namba 21 ya mfululizo wake wa "Untitled Film Stills", aliouanza 1977 na kuumaliza 1980. Mwaka 1995 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilinunua picha 69 za mfululizo huo.

Wengi husifu wigi, vipodozi na nguo zake za mitumba. Sifa hizo anastahili, lakini wigi hubadilisha kichwa tu. Mhusika mzima hujengwa na kamera.

Tazama pembe ya namba 21. Lenzi iko chini, inaangalia juu, hivyo maghorofa yanamwelemea msichana naye anageuka mgeni aliyeshuka mjini jana. Ipandishe kamera hadi usawa wa macho, ondoa majengo, atabaki karani aliyevaa vizuri.

Kazi iliendelea kwenye chumba cha giza. Picha sita za mwanzo zinamwonyesha mwigizaji mmoja wa kubuni, mwenye nywele za dhahabu. Ili zionekane za bei rahisi, Sherman alisafisha filamu kwa dawa yenye joto kupita kawaida, picha zikatoka na chenga. Kisha akazichapa kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 25 hivi, saizi ya picha zilizotumika kutangaza sinema. Kabla mtazamaji hajaufikia uso, karatasi yenyewe imeshamwambia kwamba anatazama sinema.

Ndani ya nyumba alijipiga picha mwenyewe kwa kifyatulio chenye waya mrefu. Katika namba 6 amelala kitandani, na kifyatulio kimo mkononi mwake, waziwazi. Hakukificha. Mpigapicha na mpigwapicha wamo katika fremu moja, na bado tunamwamini mhusika.

Nje aliwaomba marafiki wabonyeze, akiwemo msanii Robert Longo. Namba 48, ya mwaka 1979, ilibonyezwa na baba yake huko Arizona, na ndiyo inayoonyesha ustadi wa Sherman kuliko zote. Hapo vipodozi havina kazi, kwa sababu uso hauonekani kabisa. Kamera imekaa mbali, anga limechukua nafasi kubwa, na mwanamke ametupa mgongo kando ya barabara. Umbali huo peke yake unatosha kumfanya mpweke. Sanduku liko karibu na miguu yake, barabara ni tupu, na gari analolingojea halijatokea.