Watu Wawili Kwenye Kiti cha Mmoja

Mwanzoni mwa Februari 1944, rubani wa Hungaria György Debrődy, kijana wa miaka 23, alipigwa angani Ukraine akalazimika kutua nyuma ya mstari wa Wasovieti. Mwenzake, Miklós Kenyeres, akashuka hapohapo, akampakia, wakaruka pamoja hadi upande wao. Kisa hiki husimuliwa kama ushujaa, na ushujaa haukukosekana. Lakini Messerschmitt Bf 109 ilikuwa ndege ya kiti kimoja, tena cha kubana. Waliingiaje?

Wengi hudhani kazi ilikuwa kuubeba uzito. Sivyo. Bf 109 G ilipaa ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 3, ikivutwa na injini ya nguvu farasi 1,475. Kilo 80 za abiria si kitu, hasa baada ya kuchoma sehemu ya mafuta. Shida ilikuwa nafasi.

Kiti cha Bf 109 kilikuwa kama beseni la chuma, na rubani alikalia parashuti yake ndani ya beseni hilo. Kenyeres aliitupa parashuti yake nje. Wasimulizi huona hapo moyo wa kujitoa mhanga. Mimi naona kwanza sentimita. Bila parashuti, wa chini anazama ndani ya beseni, na kichwa cha wa juu kinapata pa kukaa chini ya kifuniko, ambacho hata rubani mrefu akiwa peke yake kilimsumbua. Bei yake ilieleweka: wakitunguliwa, hakuna kuruka kwa parashuti.

Injini nayo haikupaswa kuzimwa. Kwa kawaida iliwashwa na fundi aliyesimama nje akizungusha mkono wa chuma kwa nguvu, na huko porini fundi hakuwapo. Kwa hiyo Debrődy alipaswa kupanda bawa huku propela inazunguka mbele yake.

Kisha kupaa, na hapa ndipo ninapoduwaa. Miguu ya ndege hii ilikaribiana mno, na propela iliivuta kushoto mara tu nguvu ilipoongezwa. Marubani waliivunja hata kwenye viwanja vizuri. Dawa ni kukanyaga kanyagio la kulia kwa kipimo, mkono wa kushoto ukiongeza nguvu polepole. Usukani wenyewe ni mpini uliosimama katikati ya magoti, yaani palepale alipobanana mtu wa pili. Hawakuwa na nafasi ya kuuvuta mbali. Kugeuka kwa kasi kumkwepa adui kusingewezekana, basi salama yao ilikuwa kutoonekana.

Je, kwa hesabu ya jeshi hatari hiyo yote ilistahili? Nadhani ndiyo. Kiwanda cha Győr, Hungaria, kilikuwa kikiunda Bf 109, ila hakikuunda marubani. Debrődy alimaliza vita akihesabiwa ushindi 26 wa angani.

Siku chache baadaye Kenyeres naye alitunguliwa. Safari hii chini palikuwa na msitu, hapakuwa na pa kugusisha magurudumu ili kumchukua, naye akachukuliwa mateka.