Majina ya Kusadikika na Mwili wa Mtoto

Msomaji wa Sumbawanga hukifungua kitabu cha Kusadikika akiwa na mzigo asioujua msomaji wa pwani. Jina la mji wake hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, lakini mgeni alisikiapo husikia uchawi peke yake, akamhofu mwenyeji kabla hajamsalimu. Basi Mfipa ajua vema madhara ya jina linalotangulia ushahidi.

Hiyo ndiyo kasoro ya kitabu hiki bora, alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1951. Karama, aliyeshitakiwa kwa kufundisha uanasheria, anajitetea siku sita kwa habari za wajumbe sita walioleta mashauri mema wakafungwa. Ni utetezi mkubwa wa uhuru wa kusema. Walakini mshitaki wake ameitwa Majivuno. Jina limekwisha mhukumu, na msomaji halazimiki kuipima hoja yake.

Ulimwengu haugawi majina kwa wema huo. Uingereza, ripoti ya Daktari Hilary Cass ya Aprili 2024, juu ya matibabu ya vijana wenye mashaka na jinsia yao, ilieleza kwamba waganga waliogopa kujadiliana wazi. Katika ugomvi ule kila upande ulijiita Karama.

Karibu zaidi, Nairobi mwaka 2009, alizaliwa mtoto ambaye viungo vyake havikuonyesha wazi kama ni wa kiume au wa kike. Katika karatasi ya hospitali, mahali pa jinsia, pakatiwa alama ya kuuliza. Mambo haya mawili si mamoja, lakini swali ni lile lile: nani aamue juu ya mwili wa mtoto asiyeweza bado kujisemea? Mama alikwenda Mahakama Kuu. Desemba 2014 hakupewa yote aliyoyaomba, bali serikali iliamriwa ieleze habari za kanuni za upasuaji wa watoto hao, na sheria ya watoto ya Kenya ya mwaka 2022 ikawataja.

Mahakama ile haikuwa na Majivuno. Mama alikuwa na hoja, na serikali ilikuwa na hoja. Hapo ndipo uhuru wa kusema hupata kazi yake ngumu, ambayo Kusadikika haikuifikia: kumsikiliza mpinzani ambaye huenda akawa na haki.

Mtoto wa namna hiyo akizaliwa kesho katika kijiji cha Ufipa, jirani watakuwa na jina la kumpa kabla mganga hajafika. Heri wangeanza na alama ya kuuliza.