Kishikwambi Kinapogoma Kujaa, Uchunguzi Uanzie Ukutani

Walimu wengi wa shule za serikali wanatumia vishikwambi vilivyoanza kazi kabla ya kuwafikia. Vililetwa kwa ajili ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Makarani walizunguka navyo nyumba kwa nyumba, na kazi ilipokwisha serikali ikavigawa kwa walimu na wasimamizi wa elimu. Tangu hapo umri umesogea, na lalamiko ni lilelile ukikaa na walimu wa Bangwe au wa Ujiji, hapa Kigoma: kimechomekwa usiku kucha, alfajiri kinaonyesha asilimia 35, na kabla ya mapumziko ya saa nne kimezima.

Hukumu hutoka palepale: betri imekufa. Mwenye fedha anatafuta betri nyingine, asiye nazo anakifungia kabatini, na maandalio ya somo yanarudi kwenye daftari. Napinga hukumu hiyo inapotolewa kabla ya vipimo. Umeme hupita mahali pengi kabla ya kuifikia betri, na kila mahali panaweza kuharibika peke yake. Betri ndiyo ya mwisho kwenye safari hiyo, na ndiyo inayolaumiwa kwanza.

Nitaeleza jinsi kishikwambi kimoja kilivyochunguzwa. Ni cha mwalimu wa shule ya msingi huko Bangwe, kata iliyo kwenye rasi ya upande wa kusini wa Ghuba ya Kigoma. Watu walikwisha kumwambia anunue betri. Fundi wa Mwanga aliyempelekea hakukifungua. Alisema, "Mwalimu, kaniletee kwanza waya na kichwa unachochajia nyumbani." Kwa maoni yangu, kazi yote ilikuwa katika ombi hilo.

Tuanze na umeme wenyewe, maana Kigoma tuna kumbukumbu zake. Kwa miaka mingi mji uliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na ni mwaka 2022 ndipo mkoa ulipoanza kupokea umeme wa Gridi ya Taifa. Waliozoea taa kufifia bado wanasema chaja haijazi kwa sababu ya "umeme mdogo". Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja: vingi vimeandikwa volti 100 hadi 240. Maana yake ni kwamba hata umeme ukishuka kutoka 230 hadi 180, kichwa kizima kitaendelea kutoa volti 5 zilezile. Kinachokiua ni msukumo wa ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika, kwa hiyo kukichomoa unapokatika ni busara. Kwa umeme mdogo, mtuhumiwa huyo aachiwe.

Sola ndogo ni jambo jingine. Nyumba nyingi za mwaloni, Katonga kwa mfano, huchaji kwenye tundu la USB la redio au la taa ya sola. Tundu hilo mara nyingi hutoa nusu ampea, yaani wati 2.5 tu. Simu ndogo itajaa taratibu. Kishikwambi chenye kioo kikubwa, kikiwa kimewashwa, kinaweza kuzila wati hizo zote bila betri kupata kitu, na alama ya chaji ikabaki inawaka muda wote.

Sasa waya. Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo vishikwambi vingi vinapohukumiwa kwa kosa lisilo lao.

Fundi alichomeka kipimo kidogo cha USB kati ya kichwa na waya wa mwalimu. Kipimo hicho huonyesha volti na ampea zinazopita, na kila fundi wa simu angepaswa kuwa nacho mezani. Kilisoma ampea 0.3. Akabadilisha waya tu, kichwa kikabaki kilekile: ikapanda hadi 1.6. Betri ilikuwa ileile, iliyokwisha kutangazwa marehemu.

Sababu ni kanuni ya Ohm, ileile inayofundishwa sekondari: volti zinazopotea njiani ni ampea zidisha ukinzani wa waya. Waya mzuri una ukinzani wa takriban omu 0.2. Ukipitisha ampea 2, unapoteza volti 0.4; kishikwambi kinapokea 4.6 na kinaridhika. Waya uliokunjwa kila siku kwenye shingo ya plagi, nyuzi zake za shaba zikakatika ndani huku ganda la nje likiwa zima, unaweza kufika omu 2. Hapo ampea 0.3 peke yake inapoteza volti 0.6. Vishikwambi vingi vina saketi inayopima volti zinazoingia, na zikikaribia 4.4 saketi yenyewe hupunguza mkondo, ili chanzo kisielemewe. Kwa hiyo kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinajizuia.

Piga hesabu usiku wake ulikwendaje. Ampea 0.3 kwa volti 5 ni wati 1.5. Kishikwambi kilichoachwa na data imewashwa na programu zinazojisasisha kinaweza kutumia zaidi ya nusu ya hizo. Kinachobaki kwa betri ni kama wati 0.6, na kwa saa tisa ni wati-saa 5 na kidogo. Betri ya miliampea-saa 5,000 yenye volti 3.8 hubeba wati-saa 19. Umeongeza chini ya theluthi moja. Mwalimu alilala na asilimia 5 au 6, akaamka na 35. Hesabu inakubali, na hakuna hata hatua moja inayodai betri iwe imekufa.

Waya una hila nyingine. Ndani ya waya kamili mna nyuzi mbili za umeme na nyingine za kupitishia taarifa. Kwenye chaja nyingi za ukutani, nyuzi mbili za taarifa huunganishwa pamoja, na muunganiko huo ndio unaokiambia kifaa kwamba kiko kwenye chaja na kinaruhusiwa kuvuta hadi ampea 1.5. Zikikatika, au ukinunua waya wa bei ya chini usio nazo kabisa, kifaa hujiona kimechomekwa kwenye kompyuta, na vingi huishia nusu ampea. Njia ya kujua bila kipimo ni rahisi: unganisha waya na kompyuta. Ikiwa kompyuta haikioni kishikwambi kabisa, nyuzi za taarifa hazipo au zimekatika, ama tundu lina kasoro.

Baada ya waya, fundi alisukuma plagi kidogo kwa kidole. Mkondo ukashuka hadi sifuri, ukarudi. Hiyo ni sistimu chaji, yaani tundu la kuchajia. Alimulika ndani akatoa nyuzi za vitambaa vya mkoba na vumbi la chaki vilivyoshindiliwa hadi chini, vikizuia plagi kuzama. Takataka hizo zitolewe kwa kijiti cha mbao, kifaa kikiwa kimezimwa, si kwa sindano, maana chuma kinaweza kugusisha miguu ya tundu. Hata baada ya kusafishwa plagi ilicheza, kwa hiyo tundu likabadilishwa kwa bloa ya hewa moto na flaksi ya kulehemia. Kazi hiyo ni ndogo kwa fundi mwenye mkono mtulivu. Ziwa letu la Tanganyika ni la maji baridi, na hilo linatusaidia: mafundi wa Zanzibar hupambana na kutu ya chumvi kwenye matundu haya, ambayo sisi wa Kigoma hatuijui kwa kiwango kile.

Hapo ndipo betri ilipofikiwa, na sasa inastahili kuelezwa vizuri.

Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Inapochajiwa, chembe za lithiamu huhama upande mmoja na kujipenyeza katika tabaka za grafiti upande wa pili. Mwanzoni chaja husukuma mkondo mkubwa usiobadilika. Seli ikifika kikomo chake cha volti, chaja hushikilia volti hizo na mkondo hupungua taratibu. Ni kama abiria wanaopanda boti Kibirizi: wa kwanza hukaa upesi, wa mwisho hupenya kwa kuombana nafasi. Ndiyo maana asilimia 80 hadi 100 huchukua muda mrefu hata betri ikiwa mpya, na si ishara ya ugonjwa.

Kuzeeka ni habari ya utando. Juu ya grafiti hujengeka utando unaokula lithiamu kidogo kidogo, na joto huuharakisha. Betri nyingi za aina hii hushuka hadi karibu asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha. Lakini mizunguko si adui pekee. Takwimu zinazotumiwa sana na wataalamu wa betri zinaonyesha kwamba betri ikikaa mwaka mzima imejaa, katika nyuzi joto 40, hubaki na takriban asilimia 65 ya uwezo. Ikikaa katika joto hilohilo na chaji ya asilimia 40, hubaki na takriban 85. Kuiacha imejaa, juu ya meza iliyo dirishani, jua la mchana likiipiga, kunaiumiza kuliko kuitumia.

Uwezo uliobaki hupimwaje? Kifaa kikiwa kimezima kwa kuishiwa, kichaji hadi kijae kupitia kipimo cha USB, usome jumla ya miliampea-saa. Hapa mafundi wengi huteleza. Kwa kishikwambi cha Bangwe kipimo kilisoma 3,100, na ukilinganisha na 5,000 za kwenye ganda la betri utasema imebaki asilimia 62. Sivyo. Zile 5,000 ni kwa volti 3.8, kipimo kinahesabu kwa volti 5. Wati-saa 19 gawa kwa 5 ni 3,800, na ukiongeza kinachopotea kama joto wakati wa kuchaji, betri mpya ingesoma karibu 4,400. Kwa hiyo 3,100 ni kama asilimia 70. Mzee, lakini anatembea.

Dalili nyingine ilikuwa kuzima ghafla kikiwa na asilimia 20. Ukinzani wa ndani wa betri huongezeka na umri, na kamera au mtandao vikivuta mkondo mkubwa ghafla, volti huporomoka na kifaa hujizima kujilinda. Wakati mwingine pia hesabu ya asilimia imepotoka kwa sababu kifaa bado kinakumbuka uwezo wa ujana. Kukijaza hadi mwisho, kukitumia mpaka kizime chenyewe, kisha kukijaza tena bila kukatisha, husahihisha hesabu hiyo. Kufanya hivyo kila wiki ni kuichosha betri bure.

Lipo jambo moja ambalo ninalipinga bila kusita: kubusti. Kishikwambi kilichokaa miezi bila chaji hakiwaki, na fundi huivua betri akaisukumia umeme moja kwa moja. Saketi ya ulinzi hukata seli inaposhuka karibu volti 2.5, na hukata kwa sababu. Seli ikishuka chini ya volti 2 kwa muda mrefu, shaba ya ndani huyeyuka, na ikichajiwa tena hujijenga mahali pasipo pake hadi iunganishe pande mbili. Hapo ndipo moto unapoanzia. Njia sahihi ni subira: waya mzuri, kichwa kizuri, saa moja au mbili bila kubonyeza chochote. Kifaa chenyewe huanza na mkondo mdogo, kama sehemu ya kumi ya kawaida, hadi seli ifike volti 3. Kikikataa, betri ibadilishwe.

Na ikibadilishwa, soma ganda. Zipo seli zenye kikomo cha volti 4.2 na zipo za 4.35. Kuweka ya 4.2 katika kifaa kinachosukuma hadi 4.35 ni kuijaza kupita uwezo wake kila siku. Hesabu pia nyaya: ule wa tatu, wa kihisi joto, ndio unaozuia kuchaji seli ikipita takriban nyuzi 45. Wapo wanaoweka kizuizi cha omu 10,000 mahali pa kihisi ili kifaa kidhani joto ni la kawaida wakati wote. Wanaondoa mlinzi kwenye kifaa ambacho kesho kitashikwa na mtoto wa darasa la tatu. Betri iliyovimba nayo isibonyezwe wala kutobolewa. Kifaa kizimwe, betri itolewe, iwekwe mbali na vitu vinavyoungua.

Kishikwambi cha Bangwe kilipata waya mpya na sistimu chaji mpya, na betri yake ikabaki. Kwa asilimia 70 ya uwezo kinamaliza siku ya masomo ikiwa mwangaza wa kioo umepunguzwa na data inawashwa inapohitajika tu. Mwalimu hukichaji asubuhi na mapema, kabla ya joto, kikiwa nje ya mfuko wake, na hukichomoa kikifika 80 au zaidi kidogo. Likizo za Juni na Desemba ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu vishikwambi vingi hufungiwa kabatini na asilimia 3, na Januari havitaki kuwaka. Kabla ya kufunga shule kichajiwe hadi nusu, kizimwe kabisa, kiwekwe mahali pa kivuli, na katikati ya likizo ndefu mtu akitoe na kukiongezea chaji.