Kufuli kwa Nje

Mara ya kwanza kutazama A Separation nilikuwa chuo, kwenye laptopu ya rumeti wangu, na nilimtukana Razieh kwa sauti. Razieh ni mama anayelipwa kumwangalia mzee mwenye ugonjwa wa Alzheimer jijini Tehran. Siku moja anamfunga mzee mkono kwenye kitanda, anafunga mlango, anaenda zake. Mwenye nyumba anarudi na kumkuta babake sakafuni kama maiti. "Huyu ni mnyama," nikasema, na kesi ikaishia hapo.

Mara ya pili ilikuwa mwaka jana, saa tano usiku, shosho amelala chumba cha pili. Wiki hiyo nilikuwa nimefunga mlango wetu kwa kufuli, kwa nje, yeye akiwa ndani, nikakimbia kununua daipa za watu wazima. Nilijiambia ni dakika kumi. Foleni ikazifanya arobaini. Niliporudi nilimkuta amesimama nyuma ya mlango, ameshika kitasa. Hakunitambua. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, nilikosea nini?"

Kwa hivyo sitajifanya hakimu asiye na upande.

Filamu hii ya Asghar Farhadi ilitoka 2011, ikashinda Dubu wa Dhahabu kule Berlin, na mwaka uliofuata ikapata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Wengi huisema kama filamu ya talaka. Mimi siku hizi naiona kama filamu ya zamu: leo nani anabaki na mzee? Simin anataka familia ihame Iran. Mumewe, Nader, hataki kumwacha babake. Simin anamkumbusha kwamba mzee hata hajui Nader ni mwanawe. Nader anajibu kwamba yeye anajua huyo ni babake. Ni jibu la kupigiwa makofi, na mimi nililipigia. Lakini Simin akishaondoka, Nader bado ana kazi benki. Anayebaki na mzee ni Razieh, mjamzito, aliyetoka mbali kwa basi akiwa na binti yake mdogo, kwa pesa ambazo mwenyewe ameshasema hazitoshi.

Hebu tazama siku yake ya kwanza kazini. Mzee anajikojolea. Razieh, mwanamke wa dini sana, anapiga simu kuuliza kama ni dhambi kumvua na kumwosha mwanamume asiye wake. Binti yake anamwahidi kwamba hatamwambia baba. Ukumbini marafiki zangu walicheka kidogo hapo. Mimi sikuweza. Nilikumbuka siku ya kwanza kumwogesha shosho, sote wawili tukitazama ukuta.

Mtandaoni ushauri kwa walezi ni uleule: jipende kwanza, pumua, tenga muda wako. Sawa. Lakini Farhadi anaonyesha kitu ambacho ushauri huo unakwepa. Kwake, utulivu wa mlezi hautegemei moyo wake peke yake, unategemea hesabu ya mikono iliyopo. Hakuna mtu mbaya kwenye filamu hii. Kuna watu wachache mno kwa mgonjwa mmoja, basi kila mmoja anamwangukia mwenzake. Na tukija kujua Razieh alienda wapi siku ile ya kamba, ni kwa daktari. Jana yake mzee alitoka hadi barabarani, yeye akamfuata mbio, gari likamgonga. Kosa linalowapeleka wote kortini lilianza pale mlezi alipohitaji kutibiwa yeye mwenyewe.

Nader naye anapewa sekunde chache bafuni. Anamsugua babake mgongo, kisha anauegemea na kulia. Mzee hageuki. Hakuna muziki wa kutuambia tuhuzunike.

Kasoro ninayoiona ni mzee mwenyewe. Farhadi hatuingizi kichwani mwake, na mara nyingi anakuwa mzigo unaohamishwa kutoka chumba hadi chumba. Ukitaka kuingia humo, tazama The Father ya Florian Zeller, ya 2020. Nyumba inabadilika bila kukuambia, sura zinabadilika, na wewe unapotea pamoja na Anthony Hopkins. Baada yake niliacha kubishana na shosho kuhusu leo ni siku gani. Tena kuna Anne, bintiye, anayefikiria kwa sekunde kumnyonga, na filamu haimwiti shetani. Mwishowe anahamia Paris, baba anabaki kwenye makao ya wazee. Kwetu tungesema amemtupa. Mimi pia ningesema hivyo, kabla ya kufuli.

Ila The Father ni ya London, kwenye fleti kubwa, na pesa hazisumbui mtu sana. Kwa Farhadi kila saa ya kumtazama mzee ina bei, na kila bei inamkata mtu fulani. Ndiyo maana A Separation inanijua zaidi. Kwetu familia ina grupu ya WhatsApp. Nikisema nimechoka, naletewa emoji za mikono ya maombi na "Mungu akubariki kwa kazi unayofanya." Baada ya kuitazama mara ya pili sikuomba maombi. Niliandika ratiba: jina, siku, saa. Mjomba alisema hayo ni mambo ya Wazungu. Shangazi mmoja alichukua Jumamosi bila maneno mengi.

Jumamosi iliyopita nilitumia saa mbili kurudia mwisho wa filamu. Nader na Simin wanangoja kwenye korido ya korti, kila mmoja upande wake, binti yao akimwambia jaji atakaa na nani. Watu huuliza alimchagua nani. Mimi nilitazama nguo: wamevaa nyeusi, na mzee haonekani tena. Hakuna anayetaja. Mara ya kwanza, nikiwa na hasira zangu kwa Razieh, sikuziona kabisa zile nguo.

Nikafunga laptopu mapema nikarudi nyumbani. Zamu ya shangazi ilikuwa bado na saa moja.