Fundi wa Sauti, Ubungo

Mkanda wa kamera hauna njia ya mkato. Saa 1 ya harusi huvutwa kwenye kompyuta kwa saa 1, na fundi wa kuchoma CD hukaa nayo, hedifoni masikioni. Umeme ukikatika, anaanza upya. Kisha huitenga sauti na picha, huishusha kutoka hezi 48,000 hadi 44,100 inazotaka CD, huchuja mvumo wa jenereta, na jumla isizidi dakika 80. Huchoma taratibu, kwani diski zilizochomwa haraka huweza kuruka.

Pale Ubungo nilimwona fundi mmoja akirudia sekunde tatu za wosia wa harusi wa baba aliyekwisha fariki. Kikohozi cha mgeni kilikuwa kimefunika neno "mwanangu". Akalipata. Mteja alipofika, aliuliza tu mbona fundi kachelewa.