The African Queen: Vita vya Ziwa Letu, na Mlevi Aliyegeuka Mtu

Jamani, watu wa Kabezi, wa Rumonge, wa Nyanza-Lac, nyote mnaoamka mkilitazama Ziwa Tanganyika: itafuteni The African Queen! Ni filamu ya John Huston ya mwaka 1951. Mimi nimeiona sasa kwa mara ya kwanza, na moyo bado unanienda mbio.

Ni Septemba 1914. Vita vimefika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kijiji kinachomwa, mmisionari anafariki, na dada yake Rose (Katharine Hepburn) anabaki peke yake. Anayemwokoa ni Charlie Allnut (Humphrey Bogart), fundi Mkanada, mlevi, asiyetaka kusikia habari za vita. Ana boti kuukuu ya mvuke, mitungi ya oksijeni, baruti na shehena ya jini. Rose anautazama mzigo ule, kisha anatoa mpango: tutengeneze makombora, tuteremke mto, tukaizamishe Louisa, meli ya Wajerumani inayotawala ziwa!

Mafundi wetu wa boti watampenda Charlie papo hapo. Boila ikileta ukorofi, anaipiga teke! Rose anaimwaga jini yote mtoni, chupa baada ya chupa. Halafu ile sehemu ya ruba! Charlie ameshawabandua mwilini, anatetemeka, na boti imekwama. Anajua ruba wanamsubiri, lakini anarudi majini kuivuta. Tazama uso wa Bogart hapo; utajua kwa nini alipewa tuzo ya Oscar.

Kinachonisisimua zaidi ni kwamba vita hivyo vilipiganwa hapa hapa ziwani. Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson alikuwa afisa wa majini aliyeharibikiwa: mwaka 1914 meli Niger, iliyokuwa chini yake, ilizamishwa yeye akiwa nchi kavu. Akawekwa ofisini. Mwaka 1915 akapewa boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Cape Town hadi ziwani, zikivushwa milima ya Katanga kwa jasho la vibarua Waafrika. Tarehe 26 Desemba 1915 aliiteka Kingani, boti ya Wajerumani. Februari 1916 akaizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann. Jina lililochafuka kwao likasafishwa kwenye maji yetu. C. S. Forester aliandika riwaya yake mwaka 1935 akichota humo, na filamu ikazaliwa.

Na meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen? Waliizamisha wenyewe mwaka 1916 karibu na Kigoma. Ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ndiyo Liemba ile ile iliyowabeba wakimbizi wetu wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma mwaka 2015!

Kasoro ninayoiona ni moja: Waafrika wanapita tu kwenye picha, hawapewi jina wala kauli, ilhali sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Uganda na Kongo. Watengenezaji filamu wa Bujumbura, kisa cha wale vibarua kinawangoja ninyi.

Lakini kwangu filamu hii inapata tano kwa tano. Mwisho wake siusemi. Itazameni wiki hii hii, pamoja na wazee na watoto, kwenye skrini kubwa kuliko zote mtakazozipata.