Stima Imerudi

Kuelekea mwisho wa wimbo wa nne kwenye albamu ya Ruins, piano ikiwa imebakisha noti chache inyamaze, maikrowevu inalia. Mlio mmoja, ule ule unaoujua. Piano haishtuki. Inaendelea na mambo yake, inamaliza, wimbo unaisha.

Nimewasikilizisha watu wengi albamu hii, wengine kwa hiari yao na wengine kwa sababu walikuwa kwangu na spika ni yangu, na kila mara mlio huo ndio unaowagawanya. Mmoja atatabasamu. Mwingine atauliza, "Kwani hawangeikata hiyo?" Ni swali la haki. Albamu ilitoka mwaka wa 2014, wakati ambapo kompyuta ya kawaida tu ingeufuta mlio kama huo kabla chai haijapoa. Aliyeirekodi aliamua ubaki.

Aliyeirekodi ni Liz Harris, Mmarekani anayejiita Grouper. Mwaka wa 2011 alikwenda kukaa Aljezur, kusini mwa Ureno, kwa mwaliko wa jumba la sanaa la Galeria Zé dos Bois. Huko alikuwa na piano moja ya kusimama, kinasa sauti cha kubebeka cha njia nne na maikrofoni ya Sony. Basi. Asiporekodi, alikuwa anatembea maili kadhaa hadi ufuoni, na njia ilipita katikati ya magofu ya mashamba ya kale na kijiji kidogo. Jina la albamu limetoka hapo. Kuna siku dhoruba ilikata umeme, na uliporudi maikrowevu ikalia kama zinavyolia zote, huku kinasa sauti kikiwa kinaendelea. Hiyo ndiyo hadithi yote ya mlio.

Nianze na wasioipenda, maana mara nyingi huwa na hoja kuliko mashabiki. Kuna msee ninayemfahamu anatengeneza midundo ya gengetone kwenye chumba kimoja pale Kayole. Aliisikiliza yote, dakika arobaini hivi, nampa heshima kwa hilo, kisha akavua hedifoni akasema, "Hii ni demo." Kwake kila kitu kiko chini. Sauti ya mwimbaji imezikwa, maneno hayashikiki, kuna mchakacho kila mahali, na vyura wanasikika vizuri kumshinda mwenye albamu.

Kuhusu maneno nilimkatalia. Wazazi wetu wamecheza rhumba ya Franco miaka na miaka bila kujua Kilingala, na sijasikia aliyedai arudishiwe pesa za mlangoni. Akacheka, akakubali. Ila akaongeza jambo ambalo limenikaa hadi leo. Alisema Franco hata usipomwelewa unajua anaongea na mtu. Huyu dada amejificha sana, kwa hivyo msikilizaji anajaza nafasi mwenyewe, na anaijaza kwa masikitiko yake. "Mnasema albamu inalia," akaniambia. "Ni nyinyi mnalia."

Ukichunguza maoni ya wasikilizaji wa Ruins utaona jamaa wa Kayole hayuko mbali na ukweli. Mashabiki hawaongelei piano. Wanaongelea mwaka walioachwa, mzazi waliyemzika, chumba walichokuwa wakilala. Albamu inakuwa kioo, na ni nani aliwahi kuhakiki kioo?

Rafiki yangu mwingine anafanya zamu ya usiku, anajibu simu za wateja hadi saa kumi na mbili asubuhi, na hulala wakati mtaa mzima umeamka. Ameisikiliza Ruins kuliko mtu yeyote ninayemjua, pengine kuliko mimi. Hawezi kukutajia jina la wimbo hata mmoja. Kwake ni pazia: inazuia mlio wa mashine ya kuchomelea pale chini na mama anayeuza mboga kwa sauti. Nilipomuuliza kuhusu maikrowevu akaniambia ameutoa wimbo wa nne kwenye orodha yake zamani. "Ule unaniamsha." Simcheki, usingizi wa mchana ni vita. Lakini nilipenda kujua kwamba katika albamu nzima kuna sekunde moja iliyokataa kumlaza.

Halafu kuna wapenda giza. Unawajua: nguo nyeusi, kucha nyeusi, ndani ya matatu saa saba mchana jua likiwaka Thika Road. Hao wanaiweka Ruins kwenye rafu moja na gothiki iliyotoka na lebo ya 4AD ya London miaka ya 1980: Cocteau Twins, This Mortal Coil, Dead Can Dance. Ushahidi wao si haba. Albamu ilitolewa na Kranky tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween. Wimbo wa sita unaitwa Holofernes, yule jemadari aliyekatwa kichwa na Yudithi. Wakatoliki fungueni Biblia zenu, Waprotestanti mtaazima. Na magofu, bila shaka. Riwaya za gothiki za Kiingereza zilipoanza karne ya 18, zilikuwa na kiu ya kasri za kale na kuta zinazobomoka.

Nawakubalia nusu. Muziki wa 4AD ulisimama juu ya mwangwi. Lisa Gerrard wa Dead Can Dance akiimba, sauti inakujia kama imeshuka kutoka kwenye dari la kanisa kubwa, na wewe uko chini, mdogo, shingo imeinuka. Ruins haina dari hiyo. Kwenye Clearing, Harris anaimba kama mtu asiyetaka kuwaamsha walio chumba cha pili, sauti yake imelazwa juu ya sauti yake nyingine, na piano inazunguka noti zake chache kama mtu anayetafuta funguo mahali ambapo ameshatafuta. Uko karibu naye mno, hadi unaona aibu kidogo. Kwangu huo ndio wimbo bora kwenye albamu, na ni mdogo, mdogo kabisa. Gothiki haipendi udogo.

Tena, hivi magofu ni giza? Ya kwanza kuyaona mimi yalikuwa ya Gede, kule Kilifi, safari ya shule. Mwalimu akatuonyesha kaburi lenye tarehe, mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399. Akatuonyesha msikiti na jumba la mfalme. Sisi tulikuwa tumeahidiwa majini. Tulichopata ni kima, wamejaa juu ya kuta, na mmoja akashuka akachukua mkate wa mwenzetu kwa upole wa mtu anayechukua chenji yake. Mahali palipohamwa na watu huwa pana shughuli nyingi. Ndiyo maana vyura wa Aljezur hawanikeri. Wenyeji ni wao.

Na usiniambie huu ni muziki wa wazungu. KMRU, aliyekulia hapa hapa Nairobi, alitoa Peel mwaka wa 2020 kwenye lebo ya Editions Mego, na ukiisikiliza utakuta ukungu wa aina hii, na mazoea yale yale ya kunasa sauti za mahali. Ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwimbaji wa Kikuyu ambaye maneno yake yaliwakosesha wakubwa usingizi. Babu maneno, mjukuu hewa. Familia moja.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoizungukazunguka.

Niliipata albamu hii mwaka niliotoka chuoni. Sikufukuzwa. Karo iliisha, nikasema nitarudi muhula ujao, halafu "muhula ujao" ukawa msemo wa kuwaambia watu wa nyumbani. Nilikuwa na bedsita Kahawa West, godoro, jiko la gesi na simu. Kila usiku nilisikiliza Ruins, na kusema kweli sikuwa nikisikiliza Ruins, nilikuwa nikisikiliza wimbo wake wa mwisho, Made of Air, dakika kumi na moja, kisha naurudisha mwanzo. Niliuita utafiti, eti nitauandikia makala. Sikuandika hata sentensi.

Dada yangu mkubwa alikuja siku moja bila kupiga simu. Saa nane mchana, mimi nimelala, hedifoni masikioni. Akanivua, akazivaa yeye, akasikiliza pengine dakika moja akiwa amesimama na kiatu kimoja mguuni. Akasema, "Huu ni muziki wa mtu ameshaamua." Sikumuuliza ameamua nini. Alipoondoka, hedifoni aliziweka kwenye mkoba wake, chini kabisa, kama mtu anayeficha kisu mbele ya watoto.

Nilikasirika vibaya. Nilikuwa na hoja zote tayari, zile ambazo mashabiki wa muziki wa huzuni tunatembea nazo: kwamba huzuni kwenye muziki haikutii huzuni, inakushika mkono, kwamba anayeogopa muziki wa polepole anajiogopa mwenyewe. Nilimwandikia ujumbe mrefu. Hakujibu. Leo nikiusoma ule ujumbe naona kwamba mimi na yeye tulikuwa tukibishana juu yangu, na mwenye albamu hakuwepo kabisa kwenye mazungumzo. Na katika ubishi huo dada alikuwa sahihi. Hakukosea kuogopa.

Wiki chache baadaye nilikuwa na hedifoni za mia mbili za pale stejini. Stima ikapotea ploti nzima. Simu ilikuwa asilimia tisa, na kwa uvivu wa kutafuta wimbo wa mwisho nikaiacha albamu ianze mwanzo. Wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne mlio ukatoka, nami nikainuka. Nilikuwa na hakika ni kwa jirani. Nikapapasa ukuta hadi kwenye swichi, nikabonyeza. Giza. Nikabonyeza tena. Giza. Ikanichukua muda, nimesimama pale kidole juu ya swichi, kuelewa kwamba stima imerudi kweli, ila imerudi Aljezur, mwaka wa 2011, jikoni kwa mtu mwingine.

Nilicheka peke yangu gizani kama mwendawazimu.

Kwa sababu ghafla kulikuwa na mtu. Mwanamke fulani ameketi kwenye piano wakati mvua imekata umeme, anaendelea kucheza, umeme unarudi, haachi. Baadaye anasikiliza kanda, anausikia mlio, anaamua. Huyo hakuwa mimi. Hakuwa na habari na karo yangu. Alikuwa kazini. Miezi yote ile nilikuwa nimemtumia kama shuka la kujifunika, na sekunde moja ya jikoni ikalivuta shuka.

Kwa hivyo wanaotaka mlio ukatwe nawaelewa, na siwezi kukubaliana nao. Bila mlio huo maneno ya msee wa Kayole yangekuwa hukumu ya mwisho: kioo, basi. Mlio ndio unaosema hiki ni chumba, kina mwenyewe, na wewe ni mgeni. Mvua inayosikika mwishoni mwa Holding inafanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi, ila mvua ni rahisi kuigeuza huzuni yako. Maikrowevu jaribu uone.

Na hapo ndipo nitakapowaudhi mashabiki wenzangu. Made of Air, wimbo tunaouita taji la albamu, haufai kuwa pale. Harris aliurekodi mwaka wa 2004 nyumbani kwa mama yake, miaka saba kabla ya Ureno, na inasikika. Baada ya nyimbo saba za chumba kimoja, vyura wake, dhoruba yake, tunatiwa kwenye ukungu usio na mlango wala dirisha. Ni mzuri, siwezi kukudanganya. Lakini unafuta alama za nyayo. Unamrudishia msikilizaji shuka lake na kumzimia taa. Inawezekana nauchukia kwa sababu zangu, na umeshazisoma. Bado nashikilia: ingeishia kwenye mvua.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa dada, Ruiru, Jumapili. Alikuwa akisukuma chapati. Akaniuliza, bila kuniangalia, kama bado nasikiliza ule muziki. Nikasema ndiyo, lakini tofauti. Akasema niuweke basi, ausikie kama mtu, kwa spika, kuanzia mwanzo.

Kwenye wa pili akasema, "Huyu anajua kupiga piano ama anajifunza?" Kwenye wa tatu akanyamaza, akapindua chapati mbili, akasema kuna mtu alimkosea huyu. Nikamwomba asiondoke jikoni, wa nne unakuja. Akaniambia aende wapi na chapati ziko motoni. Piano ikaanza kufifia. Yeye alikuwa ameshanipa mgongo, anafunga hotpoti kwa kitambaa, mlio ulipotoka.

"Toa hiyo chakula kwa maikrowevu," akasema.